Bahari ya Unyamwezi



Leo twende baharini. Umenisikia vizuri, baharini. Wala hatuteremki Bagamoyo, tunabaki hapa hapa Tabora. Maana kuna wakati, miaka kama mia moja na sabini iliyopita, wasomi wa Ulaya walikuwa na ramani inayoonyesha bahari kubwa katikati ya Afrika, na bahari hiyo ilikuwa na jina. Iliitwa Bahari ya Unyamwezi.

Wewe uliyekulia Tabora ile ya kuamka alfajiri kuwahi foleni ya kisima, najua unacheka. Cheka, ni haki yako. Lakini tujiulize: bahari nzima inaingiaje kwenye ramani wakati haipo? Nani aliichora? Nani aliifuta? Na chini ya maji yale ya wino, ni nchi gani hasa iliyokuwepo?

Tuanze na mchoraji. Aliitwa Jakob Erhardt, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Waingereza. Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa Rabai, karibu na Mombasa. Huyu Rebmann ndiye aliyeandika mwaka 1848 kwamba ameuona mlima Kilimanjaro na juu yake kuna theluji, na wapo mabwana wa London waliomcheka: theluji gani hiyo kwenye jua la ikweta? Kumbuka hilo. Theluji iliyokuwepo ilichekwa.

Erhardt alikaa miezi kadhaa Tanga mwaka 1854. Akawa anazungumza na watu wa misafara, Waswahili, Waarabu na watu wa bara walioteremka na pembe. Anawauliza: mmetoka wapi, mmepita wapi, mwisho wa njia kuna nini? Na kila mmoja akamjibu kwa uaminifu: mwisho wa njia kuna maji. Makubwa? Makubwa sana, ng'ambo haionekani.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo penyewe. Aliyepita njia ya kusini, ya Kilwa, alikuwa anasema habari za Nyasa. Aliyepita njia yetu ya kati alikuwa anasema habari za Ujiji, yaani Ziwa Tanganyika. Na aliyesikia habari za kaskazini alikuwa anasema Ukerewe, ziwa ambalo baadaye lilipewa jina la malkia wa Uingereza. Watu hao wote walisema kweli. Hakuna aliyedanganya hata kidogo. Aliyekosea ni yule aliyeketi mezani, akayachukua maji matatu na kuyaunganisha kuwa maji mamoja.

Ni sawa na watoto watatu waje nyumbani, mmoja aseme kuna lori limekwama Isevya, wa pili aseme kuna lori limekwama Kiloleni, wa tatu aseme lipo Gongoni, na wewe uwapigie majirani simu kwamba mji mzima umezibwa na lori moja refu ajabu.

Basi lori hilo likachapishwa. Mwaka 1855 na 1856 ramani ya Erhardt na Rebmann ilitoka Ujerumani, ikafika London, ikatandazwa mbele ya mabwana wa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Ukiitazama, unaona maji yameanzia karibu na ikweta, yakateremka kusini na kujikunja mpaka upande wa Nyasa, mwili mnene wenye mkia. Waingereza wenyewe waliitania, wakasema ni konokono asiye na gamba. Walitania, lakini haikupita muda msafara ukaandaliwa. Theluji ya kweli ilichekwa, na bahari ya uongo ikatumiwa msafara.

Msafara huo uliongozwa na Richard Burton, na mwenzake John Hanning Speke. Waliondoka Zanzibar mwezi wa sita mwaka 1857, wakavuka Uzaramo, Usagara na Ugogo kwa kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, wa kukatisha tamaa, wakapita Mgunda Mkali, lile pori la ukame ambalo wapagazi walilivuka mbio mbio mpaka wafike Tura, mlango wa Unyamwezi. Tarehe 7 Novemba wakaingia Kazeh. Kazeh ndiyo Tabora hii.

Na walikuta nini? Walikuta mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa, nyumba za tembe, visima, na Waarabu wa Oman waliowapokea kwa wali na nyama. Mwenyeji wao mkubwa aliitwa Snay bin Amir, mfanyabiashara aliyekuwa amezunguka bara miaka mingi. Siku moja Speke akaikunjua ramani ya wamisionari mbele yake. Hii Nyasa iko wapi? Snay akajibu: hilo ni ziwa jingine, liko kusini. Na Ujiji? Ziwa jingine, liko magharibi. Na Ukerewe? Jingine tena, liko kaskazini, na ni kubwa kuliko la Ujiji.

Kwisha kazi. Konokono akakatwa vipande vitatu pale pale barazani. Mtu mmoja aliyejua njia, maswali matatu, majibu matatu. Mwezi wa nane mwaka uliofuata Speke alifika upande wa Mwanza, akaliona ziwa la kaskazini kwa macho yake, na akaondoka na sifa zote. Snay bin Amir hakupewa mlima wala mto wenye jina lake. Aliuawa miaka michache baadaye, katika vita vya Waarabu na mtemi Mnywa Sera.

Ukitaka kuliona jibu la Snay leo, nenda stesheni yetu ya treni. Tazama reli zinavyoachana. Moja inakwenda kaskazini, Mwanza, kwenye ziwa la Ukerewe. Nyingine inakwenda magharibi, Kigoma, kwenye ziwa la Ujiji. Asubuhi treni ya Kigoma ikiingia unasikia harufu ya migebuka na dagaa kabla hujaona mabehewa. Hiyo ndiyo ramani iliyosahihishwa, na unaweza kuinunua kwa fungu.

Hiyo ni bahari. Lakini msikilizaji, kabla ya bahari ile walikuwa wamekwisha kututungia dola. Ramani za Ulaya za karne ya 17 na ya 18 zina himaya kubwa katikati ya Afrika iitwayo Monemugi, ina mfalme wake na mipaka yake imechorwa vizuri kabisa. Wasomi wa baadaye wakasema dola hilo ndilo Unyamwezi. Sasa tuulizane: mfalme huyo alikaa wapi? Itetemia? Urambo? Ulyankulu?

Hakukaa popote, kwa sababu hakuwepo. Unyamwezi ulikuwa nchi ya watemi wengi. Unyanyembe ilikuwa na mtemi wake, Ugunda wake, Uyowa wake, na kila mtemi alikuwa na wazee wake, ngoma zake, na haki yake katika pembe za tembo walioanguka kwenye ardhi yake. Mtu wa Unyanyembe akiwa nyumbani hakujitambulisha kuwa Mnyamwezi, alisema mimi wa Unyanyembe. Unyamwezi wake ulianzia njiani. Alipofika pwani, Waswahili walimwita Mnyamwezi yeye na wenzake wa Uyowa na Ugunda wote pamoja. Wakalala kambi moja, wakabeba mzigo mmoja, wakarudi nyumbani wakiwa na jina moja.

Narudia hilo, maana ndilo ninaloliamini kuliko yote ya leo: nchi hii ilipata umoja wake njiani, juu ya mabega ya wapagazi. Ikulu haikuutoa, na ramani haikuutoa.

Hebu tuutazame msafara wenyewe. Mbele kabisa yuko kirangozi, amejifunga kitambaa chekundu na manyoya kichwani. Ole wako umtangulie, utalipa faini. Nyuma yake mpiga ngoma. Halafu wanafuata wenye pembe, na hao ndio mabwana wa njia. Pembe imelazwa begani, kwenye ncha yake imefungwa kengele ya ng'ombe, na upande wa nyuma vinaning'inia vibuyu na mkeka wa kulalia. Kila hatua, kengele inalia. Kisha wanakuja wabeba nguo. Robota la nguo limefungwa kwa fito ndefu ili mtu akichoka aliegemeze kwenye mti badala ya kulishusha chini, maana kuinua upya kilo thelathini na zaidi kila mara ni kujimaliza. Waya wa shaba unabebwa kwa mzega, koili upande huu na koili upande ule. Wapo wanawake, sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Wapo hata vijana wadogo wenye vipembe vya kiasi chao, wanajifunza kazi.

Kutoka pwani mpaka hapa ilikuwa kama miezi mitatu. Waliondoka baada ya mavuno, kiangazi kilipokolea vizuri, na wengi walitaka wawe wamerudi mvua za kulimia zikianza. Unaona mpango ulivyo? Jembe na safari vilipeana zamu. Kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa bado mtoto, na wapo wasafiri wa wakati ule walioandika kwamba hata kuoa kulimwia vigumu. Nani ampe binti yake mtu asiyejua hata chumvi ya bahari ina ladha gani?

Na kazi hii ilikuwa ya ujira. Hapa naomba tusikilizane. Watu wengi wakisikia njia ya misafara wanaona picha moja tu, minyororo. Minyororo ilikuwepo, nitaifikia. Lakini mpagazi Mnyamwezi alikuwa mtu anayepatana bei. Alikubaliana idadi ya nguo, akachukua sehemu mbele, akadai posho yake, kibaba kwa siku. Posho ikichelewa, mizigo ilishushwa msafara mzima, na hapo hata bwana mwenye bunduki alikuwa hana la kufanya. Soma maandishi ya Burton, utaona kurasa kwa kurasa za malalamiko kuhusu wapagazi wavivu, wakaidi, watoro. Mimi nikizisoma naona wafanyakazi waliojua thamani yao.

Haya, na minyororo. Tusipambe. Kwenye njia hii hii walipita watu waliouzwa, wametekwa Manyema na kwingineko, wengine wakipelekwa pwani, na wengine wakibaki hapa hapa. Mashamba makubwa yaliyozunguka matembe ya hapa Kwihara hayakulimwa na Waarabu wale wenye kanzu. Hata Wanyamwezi wenye mali walinunua watumwa wa kulima wakati wao wako safarini. Kwa hiyo ile sifa ya mpagazi huru, kwa sehemu fulani, ililishwa na jasho la mtu asiye huru. Yote mawili yalitembea njia moja, na miembe ile tunayokaa kivulini mwake iliwapa kivuli wote wawili.

Twende kwenye jambo jepesi kidogo. Njia iliacha nini kwetu? Iliacha Kiswahili, ambacho Tabora tunakisema bila kuona haya mbele ya mtu wa Unguja. Iliacha ndoa: Karunde, binti wa mtemi Fundikira, aliolewa na Muhammad bin Juma, baba yake mfanyabiashara Tippu Tip. Iliacha wali, embe na kitunguu mezani, pembeni ya matobolwa na kisamvu cha karanga. Na iliacha utani.

Utani, jamani. Umewahi kuhudhuria msiba wa Mnyamwezi huko Dar es Salaam? Waombolezaji wamekaa kimya, mara anaingia Mzaramo. Amevaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu alivyotembea, anadai deni ambalo halijawahi kuwepo. Wengine huingia kaburini kabisa, wanalala: hatoki mtu hapa mpaka nilipwe. Na wafiwa, machozi yakiwa bado mashavuni, wanacheka, wanatoa hela. Ukiuliza kwa nini Mzaramo, kwa nini Mzigua, kwa nini Mgogo, jibu fuata njia. Hao ndio watu ambao mpagazi alipita kwao mwaka hadi mwaka, alipigana nao, alilala kwao, aliugulia kwao. Aliyefia njiani alizikwa na nani, kama si wao? Utani una vyanzo vingi, lakini huu wetu na watu hao umetembea na msafara.

Na Wanyamwezi nao hawakukaa kusubiri kutungiwa nchi. Walianzisha ya kwao. Katika karne ya 19 mfanyabiashara mmoja wa asili ya Usumbwa, Ngelengwa, anayejulikana zaidi kwa jina la Msiri, alikwenda ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kutafuta shaba na pembe, akafika Katanga, akajenga dola lake la Garanganze na mji mkuu Bunkeya. Wageni toka Unyamwezi wakawa watawala wa nchi ambayo babu zao hawakuiota. Msiri aliuawa mwezi wa kumi na mbili mwaka 1891, na msafara uliotumwa kwa ajili ya mfalme wa Ubelgiji. Wayeke, wajukuu wa watu wake, wako Katanga mpaka leo. Miezi kumi na tatu baadaye, Januari 1893, hapa kwetu, mtemi Isike alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Wajerumani walipomzidi nguvu. Mwaka 1912 reli ikaingia Tabora, na kirangozi akakosa kazi.

Ungedhani sasa, wageni wakiwa na reli, simu na ofisi, mambo ya kutunga nchi yangekwisha. Wapi! Mwaka 1946 Waingereza, vita vimekwisha na mafuta ya kula hayapatikani kwao, walituma watu watazame ardhi ya kulima karanga Tanganyika na nchi jirani. Walizunguka wiki chache, sehemu ya safari kwa ndege, wakarudi na picha ya ekari zaidi ya milioni tatu za karanga. Maeneo yalikuwa Kongwa, Nachingwea na Urambo yetu. Wakaleta matrekta ya mabaki ya vita, vifaru wakavigeuza mashine za kung'oa visiki. Kongwa mvua ikagoma na udongo ukawa mgumu kama tofali. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, zimekwenda pauni zaidi ya milioni thelathini na tano. Urambo baadaye ikajulikana kwa tumbaku.

Sasa jiulize. Karanga tulikuwa hatuzijui sisi? Mama wa Kinyamwezi alikuwa analima karanga kabla hajazaliwa huyo waziri aliyepitisha fedha, na alijua upande gani wa shamba mvua husahau. Ile ilikuwa Bahari ya Unyamwezi ya pili. Safari hii ilikuwa bahari ya karanga, na Snay bin Amir hakuulizwa.

Nisije nikaonekana naona makosa ya wageni tu. Sisi wenyewe tukikaa ofisini tunachora. Ni mara ngapi umeona mpango wa kisima ukiletwa kijijini, kisima kinachimbwa, na bibi mmoja anatikisa kichwa tangu siku ya kwanza? Anajua pale maji hayapo. Amechota katika kijiji hicho maisha yake yote.

Na kuhusu maji, historia nayo ina utani wake. Miaka ya karibuni maji ya Ziwa Victoria yameletwa kwa bomba mpaka Nzega, Igunga na Tabora mjini. Ukerewe ya Snay, ile ya kaskazini, sasa inatoka kwenye bomba lako la uani. Erhardt angekuwa hai angesema, si niliwaambia? Hapana, bwana Erhardt. Wewe ulitupa bure na kwa wino. Haya tunalipia ankara kila mwezi.

Muda unanitupa mkono. Kabla sijaondoka nina ombi. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka majina ya vituo vya njia kama alivyohadithiwa na babu yake, Tura, Rubuga na vingine vidogo ambavyo ramani hazivijui, kaa naye, andika kwa mpangilio, hiki kilifuata hiki, hapa palikuwa na kisima, hapa palilipwa hongo. Halafu tuletee hapa kituoni. Usimsahihishe. Akisema jina ambalo wewe hulijui, liandike hivyo hivyo.

Juma lijalo, majaliwa, tutazungumza habari za Mirambo, mtemi aliyeifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 na kumlazimisha Stanley kuzunguka kusini akimtafuta Livingstone. Huyo naye alitaka kuichora upya ramani ya nchi hii, na hakutumia wino.

Na nyinyi watani zangu Wazaramo mnaotusikiliza huko Kisarawe: deni la posho ya babu yangu bado lipo.